Masisi na Walikale: somo la "nyumba yetu" kwa mtoto aliyekimbia nyumba yake

Mtoto wa miaka sita anapoingia mwaka wa kwanza wa shule ya msingi, Masisi kama Walikale, kitu cha kwanza anachofundishwa si herufi. Ni kusema. Mwalimu anaonyesha mlango, benchi, ubao, kisha anauliza: hii ni nini? Watoto wanajibu kwa sauti moja. Majuma yanayofuata wanatoka shuleni na kuingia nyumbani: baba, mama, kaka, dada, jiko, kitanda. Kisha mwili, chakula, soko, wanyama, barabara, mvua na jua. Miaka miwili ya kwanza inajengwa kwa njia hiyo: mada moja inachukuliwa kwa muda, na masomo mengine yanaizunguka.

Mpango huo unategemea jambo moja ambalo hakuna anayeliandika kwenye daftari la matayarisho: kwamba mtoto anacho kile kinachozungumziwa. Kwamba ana nyumba, ana shamba la wazazi, ana njia ya kwenda sokoni. Katika wilaya hizi mbili za jimbo la Kivu ya Kaskazini, hilo halina uhakika tena. Mwanzoni mwa mwaka 2025, shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia watoto, UNICEF, lilitangaza kwamba shule na vituo vya kusomea zaidi ya 2,500 vilikuwa vimefungwa katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, na kwamba watoto 795,000 hawakuweza kusoma. Mwezi wa Desemba 2024 walikuwa 465,000.

Nyuma ya hesabu hizo kuna wale wa mwaka wa kwanza na wa pili, ambao hawakupoteza tu miezi ya masomo. Walipoteza pia vitu vyenyewe ambavyo masomo hayo yanavizungumzia.

Maharagi kumi mezani

Wazazi wengi wanalalamika kwamba watoto wa mwaka wa kwanza wanaimba tu na kucheza, hawasomi. Lalamiko hilo linaeleweka, kwani mzazi aliyesoma zamani anakumbuka ubao uliojaa "ba, be, bi, bo, bu" tangu siku ya kwanza. Lakini inafaa kuangalia mada moja inavyofanya kazi kabla ya kuihukumu.

Tuseme mada ni chakula, na darasa liko katika milima ya Masisi. Mwalimu anawaomba watoto walete kila mmoja maharagi kumi kutoka nyumbani. Kwanza wanayataja: hili ni jekundu, hili ni jeupe, hili lina madoa. Hapo wanajifunza rangi, na namna ya kusema sentensi nzima. Kisha wanayahesabu, wanayagawa katika mafungu mawili ya tano, wanaondoa matatu na kuhesabu yaliyobaki. Hapo ni hesabu, bila kitabu. Neno "maharagi" linakatwa kwa makofi: ma-ha-ra-gi, makofi manne. Mwalimu anaandika silabi ya kwanza ubaoni, na watoto wanatafuta maneno mengine yanayoanza hivyo: mama, maji, mawe, mafuta. Kesho yake wanachora mmea. Wengine wanapanda harage moja katika kopo la nyanya na kulitazama likiota. Kisha mwalimu anauliza: kabla ya kula tunafanya nini? Wananawa mikono.

Siku tatu, kitu kimoja mkononi, na ndani yake lugha, kusoma, hesabu, kuchora, elimu ya mimea na usafi. Mtoto hajui kwamba amepita masomo sita. Anajua amecheza na maharagi. Hata hivyo, silabi "ma" imeingia kichwani mwake ikiwa imefungwa kwenye kitu alichokishika, na ndiyo sababu haitoki kwa urahisi.

Usafi haukuwekwa hapo kwa kupendezesha. Jimbo hili lilipitia Ebola kuanzia tarehe 1 Agosti 2018 hadi tarehe 25 Juni 2020, na hata Pinga, wilayani Walikale, iliguswa mwaka 2019. Ndoo za maji na sabuni mlangoni mwa shule zilikuwa somo ambalo watoto walilirudisha nyumbani na kuwafundisha wakubwa.

Kile sheria inasema

Programu ya taifa ya shule ya msingi iliyorekebishwa mwaka 2011 inapanga masomo katika makundi makubwa: lugha, hesabu, sayansi na teknolojia, maisha ya jamii na mazingira, sanaa, na makuzi ya mtu mwenyewe. Mwaka wa kwanza na wa pili ndiyo ngazi ya kwanza. Sheria namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 kuhusu elimu ya taifa inakubali kwamba lugha za taifa na lugha za mahali zitumiwe kufundishia na pia zifundishwe zenyewe kama somo. Kwa mashariki mwa nchi, lugha hiyo ya taifa ni Kiswahili.

Haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 1962, miaka miwili tu baada ya uhuru, Kifaransa kiliwekwa kuwa lugha ya kufundishia tangu mwaka wa kwanza. Katika miaka ya 1970, wakati wa Zaire, serkali ilirudi kwenye lugha za taifa kwa madarasa ya chini. Tangu hapo, maandishi yanasema moja na madarasa mengi, hasa mijini, yanafanya lingine. Huko Goma mzazi mwenye uwezo anatafuta shule ambayo mtoto wake ataimba kwa Kifaransa tangu shule ya chekechea, na anaona fahari. Katika vijiji vya Masisi na Walikale, kwa sababu ya umaskini kuliko kwa kuchagua, watoto wengi wanaanza kwa lugha wanayoisikia. Ni jambo la ajabu kidogo kwamba katika hili mtoto wa kijijini ndiye yuko karibu zaidi na kile wataalamu wanachoshauri: UNESCO imekuwa ikisema tangu mwaka 1953 kwamba mtoto aanze kusoma kwa lugha anayoijua.

Majirani nao wamepita njia hiyo. Uganda ilianzisha mwaka 2007 mtaala wa mada kwa miaka mitatu ya kwanza, katika lugha za mahali, na kati ya mada zake kuna nyumba yetu, hali ya hewa, chakula, ajali na usalama, na pia amani. Tanzania mwaka 2015 ilipunguza masomo ya darasa la kwanza na la pili na kuweka nguvu kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, kile wanachokiita KKK.

Kongo haikosi programu. Kinachokosekana kinaonekana kwenye matokeo: Benki ya Dunia inakadiria kwamba watoto 97 kwa 100 wenye miaka kumi katika nchi hii hawawezi kusoma maandishi mepesi na kuyaelewa. Mtoto anayefika mwaka wa nne bila kusoma hakuharibikiwa mwaka wa nne. Aliharibikiwa pale mwanzo, kwenye mada ya shule, nyumba na chakula.

Picha za kitabu na milima ya hapa

Vitabu vinapofika, vinakuja na picha. Picha inaonyesha teksi ya mjini, taa za barabarani, nyumba ya ghorofa. Mtoto wa Nyabiondo anaitazama kama anavyotazama picha ya simba: ni nzuri, lakini haimhusu.

Mada ya usafiri ni mfano mzuri. Mtoto wa Masisi hana haja ya teksi. Anaijua chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali inayoteremka kutoka milimani kuelekea Sake na Goma ikiwa imebeba makaa, viazi ao miti. Ameona vijana wakiiendesha, wakifunga breki kwa kanyagio la mpira wa gari. Mji wa Goma uliiheshimu chukudu hadi kuijengea sanamu kwenye mzunguko wa barabara. Mwalimu akiichora ubaoni, darasa lote linaanza kusema kwa wakati mmoja, na hapo kazi yake inabaki kupanga mazungumzo tu. Magurudumu mangapi? Mawili. Inabeba nini? Inapanda mlima namna gani? Kwa nini inashuka kwa haraka kuliko inavyopanda? Swali la mwisho hilo ni la fizikia, na mtoto wa miaka saba analijibu.

Walikale ni dunia nyingine. Ndiyo wilaya kubwa kuliko zote katika jimbo, na sehemu kubwa ni msitu. Watoto wa huko wana kitu ambacho mtoto wa Kinshasa hataamini: ndege zinazotua kwenye barabara ya magari. Kwa miaka mingi, huko Kilambo, ndege kutoka Goma zilitua kwenye lami kuchukua mawe ya kasiterite kwa sababu barabara ya kwenda Goma ilikuwa imekufa. Na kabla mawe hayo hayajafika kwenye ndege, watu walikuwa wameyabeba mgongoni kutoka Bisie, katikati ya msitu, wakitembea siku nzima ao zaidi na mfuko wa kilo hamsini. Mtoto anayeambiwa "tutaje vyombo vya usafiri" akaanza kwa kusema "mgongo wa kaka yangu" hakukosea jibu.

Majira nayo. Kitabu kinapoeleza kiangazi kirefu, kinaeleza Lubumbashi, ambako mvua inaweza kukosekana kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa. Huko Masisi kiangazi ni kifupi. Huko Walikale mvua haitoweki kamwe. Mwalimu anayesoma kitabu jinsi kilivyo anamfundisha mtoto kutoamini macho yake mwenyewe. Anayewatoa nje asubuhi na kuwauliza mbingu zikoje leo, kisha akachora jua ao wingu kwenye kalenda ya karatasi, anakuwa na mwisho wa mwezi hesabu kamili ya siku za mvua. Somo la mazingira na la hesabu yanakutana bila gharama yoyote.

Mutoto ao mtoto?

Kuna shida moja ambayo wageni hawaioni. Mtoto wa Kivu anasema "mutoto", "mutu", "mukate". Kitabu kinaandika "mtoto", "mtu", "mkate". Kwa mtu mzima hiyo ni tofauti ndogo. Kwa mtoto anayejifunza kukata neno kwa makofi, ni ukuta. Mdomoni mwake "mu-to-to" ni makofi matatu na kila silabi ina vokali yake, sawasawa na alivyofundishwa. Kwenye kitabu anakuta herufi "m" imesimama peke yake bila vokali, akaambiwa kwamba hiyo pia ni silabi. Anasimama hapo, na mwenzake anasimama hapo, na mwalimu asiyejua sababu anadhani darasa ni zito.

Vivyo hivyo na maneno. Kitabu kinasema ugali, nyumbani wanasema bugali. Kitabu kinasema baiskeli, mtaani ni kinga. Na hiyo ni kwa wale wanaosema Kiswahili nyumbani. Wengine wanatoka katika nyumba za Kihunde, Kinyarwanda ao Kitembo huko Masisi, za Kinyanga, Kikumu, Kikano ao Kirega huko Walikale, na Kiswahili wanakisikia kwa wingi siku ya soko tu.

Hapa mada inasaidia kuliko orodha ya herufi. Ikiwa darasa linazungumzia jiko, mwalimu anaweza kuuliza: kwenu chungu kinaitwaje? Majibu matatu yanatoka kwa lugha tatu, na neno la Kiswahili linaandikwa la nne. Hakuna anayechekwa. Katika wilaya ambako watu wameuana kwa sababu ya kuulizwa "wewe unasema lugha gani?", swali hilo hilo likiulizwa kwa wema juu ya chungu si jambo dogo. Kuhusu "mutoto", walimu wenye uzoefu wanawaacha watoto waseme wanavyosema, wanasoma neno la kitabu polepole, na kuonyesha kwamba maandishi yanaficha sauti kidogo. Kifaransa kitakapokuja baadaye, na ile "u" yake isiyofanana na "u" ya hapa, mtoto atakuwa amezoea kwamba mdomo na karatasi havikubaliani kila mara.

"Chora nyumba yenu"

Lakini mada iliyo ngumu kuliko zote leo ni ile iliyokuwa rahisi kuliko zote.

Kitchanga iliangukia mikononi mwa M23 mwezi wa Januari 2023. Rubaya ilifuata mwishoni mwa Aprili 2024. Mwezi wa Januari 2025 zilifuata Masisi-centre na Sake, kisha Goma. Tarehe 19 Machi 2025 waasi waliingia Walikale-centre, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Kila tarehe kati ya hizo ina maana moja kwa familia: kufunga godoro, kumbeba mdogo mgongoni, kuacha mbuzi na shamba. Wengine wa Masisi walikuwa wamekwisha kukaa mwaka mmoja ao miwili katika kambi zilizouzunguka mji wa Goma, Bulengo, Lushagala, Rusayo, juu ya mawe ya volkano, chini ya hema la plastiki. Mwezi wa Februari 2025 kambi hizo zilibomolewa, na watu wakarudi njiani, wengi wakielekea vijiji ambavyo hawakujua vilibakia namna gani.

Mtoto aliyezaliwa Kitchanga mwaka 2018 alikuwa na miaka minne kijiji chake kilipochukuliwa. Akifika mwaka wa kwanza, mwalimu anaandika ubaoni "Nyumba yetu", anagawa vipande vya karatasi na kusema: chora nyumba yenu. Ipi? Ile ya Kitchanga ambayo anaikumbuka kwa shida, hema la kambini, ao chumba kimoja kwa shangazi ambako wanalala watu kumi na wawili?

Kuna watoto wanaochora hema. Kuna wanaochora nyumba ya mabati yenye maua, ambayo hawakuikaa kamwe, kama ile ya kitabuni. Kuna wanaochora moto na bunduki, na kuna wasiochora kitu. Mwalimu hakusomea magonjwa ya moyo na akili, na hakuna anayemtaka awe daktari. Lakini kuna vitu anavyoweza kuviacha na kuvifanya, na tofauti yake ni kubwa. Anaacha kuuliza "baba yako anafanya kazi gani?" mbele ya darasa lote, kwani hajui ni baba wangapi wamekufa ao wako msituni. Anauliza: nani anakupikia? Nani anakuamsha asubuhi? Badala ya "nyumba yenu" anasema "mahali unapolala", na hema linakuwa jibu sahihi kama nyumba. Karatasi iliyobaki nyeupe anaichukua pamoja na zingine, bila neno.

Wapo wanaofikiri ni bora kuruka mada hiyo kabisa. Ni kosa. Mtoto asiyetajiwa nyumba haisahau. Anaelewa tu kwamba shuleni ni mahali ambako mambo yake hayazungumzwi, na mtoto anayefikiri hivyo hafungui mdomo hata kwenye mada ya wanyama. Kwa kuwa miaka hii miwili yote inasimama juu ya kusema, ukimya wake unageuka kuwa kutosoma.

Usiguse, rudi, sema

Mada nyingine imebadilika bila mtu kubadilisha programu. Zamani, hatari kwa mtoto mdogo ilikuwa moto wa jikoni, kisu, mto uliojaa, nyoka. Leo ziko pia katika majani, kando ya njia ya kwenda kuteka maji: makombora yasiyolipuka, magrenedi, risasi. Kwa mtoto wa miaka saba, grenedi ni chuma kizuri cha mviringo.

Watu wanaofundisha kujikinga na mabomu wana ujumbe mfupi unaotoshana na mdomo wa mtoto: usikiguse, usitupie jiwe, rudi polepole kwa njia uliyoijia, mwambie mtu mzima. Katika darasa la mada, ujumbe huo unageuka mchezo. Mwalimu anaweka kopo kuukuu uwanjani, mtoto mmoja anatembea, analiona, anasimama, anarudi akikanyaga alama za miguu yake mwenyewe, anamwambia mwenzake anayeigiza mama. Kushoto na kulia, mbele na nyuma, karibu na mbali: hayo yote yamo katika programu ya mwaka wa kwanza, na hapa yanafundishwa kwa jambo linaloweza kuokoa mguu.

Mada ya "nchi yetu" nayo ni ngumu. Watoto wanafundishwa bendera, wimbo wa taifa, nani anaongoza kijiji, usultani, wilaya. Ni masomo mepesi mahali ambako majibu hayabadiliki. Ambako bendera, kizuizi cha barabarani na mtu anayedai kodi vinabadilika kati ya Krismasi na Pasaka, mwalimu anachagua maneno, na mara nyingi anachagua kubaki na mito na milima. Mto Lowa haubadilishi upande.

Ikumbukwe kwamba Kongo ilitia sahihi mwaka 2016 tangazo la kimataifa la usalama wa shule, ambalo linataka wenye silaha wasigeuze madarasa kuwa kambi. Baada ya kila mapigano, shule fulani inakutwa bila mabenchi. Yamekuwa kuni.

Mwindo hakuwa mbali

Kuna utajiri mmoja wa Walikale ambao haupimwi kwa kilo na ambao shule inautumia kidogo mno. Mwaka 1956, mzee wa Kinyanga aitwaye Shé-Kárisi Rureke alimsimulia mtafiti Daniel Biebuyck hadithi ndefu ya Mwindo. Biebuyck na mwanaisimu Kahombo Mateene, mwenyewe Mnyanga, waliitafsiri, na mwaka 1969 ikachapishwa Marekani na chuo kikuu cha California. Leo inasomwa katika vyuo vikuu vya mbali. Watoto wengi wa Walikale hawajaisikia.

Na bado ni hadithi ya watoto wa miaka saba kabisa. Mwindo anazaliwa akitembea na kusema. Baba yake, Shemwindo, hakutaka mtoto wa kiume, anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa majini. Mtoto anatoroka, anakwenda kumtafuta shangazi yake Iyangura, anashuka chini ya ardhi kumfuata baba aliyekimbia, na anapompata hamwui: anapatana naye, wanagawana utawala. Baadaye anaua joka la msituni, na Nkuba, yaani radi, rafiki wa joka hilo, anampandisha mbinguni ili apate mateso ya baridi na jua na ajifunze kutoua wanyama ovyo. Akirudi kijijini, anawaambia watu walime chakula kingi, wakae katika nyumba nzuri, wasigombane wao kwa wao.

Familia, wanyama, hali ya hewa, chakula, nyumba, amani. Kana kwamba mtu wa wizara aliipanga. Mwalimu wa Walikale anaweza kusimulia kipande kimoja kila juma, kuwaacha watoto waigize, kuwafanya waseme kwa Kiswahili kile ambacho bibi anasema kwa Kinyanga, na kisha kuandika ubaoni neno moja tu: ngo-ma. Wazee wanaojua visa hivyo bado wapo vijijini. Kumwalika mmoja darasani hakuhitaji ruhusa ya Kinshasa.

Mwalimu mmoja, watoto wa kila umri

Yote haya yanamwangukia mtu mmoja. Tangu masomo ya msingi yawe bure katika shule za serkali, mwezi wa Septemba 2019, kama katiba ya mwaka 2006 inavyotaka, madarasa ya kwanza yalijaa. Mabenchi hayakuongezeka kwa kiasi hicho, wala vitabu, na walimu wengi walibaki wakihesabiwa kuwa "NU" na "NP", majina mafupi ya wale wapya na wale wasiolipwa. Mwezi wa Januari 2025 benki za Goma zilifunga milango, na kuupata mshahara, kwa yule anayeulipwa, kukawa safari nyingine.

Kufundisha kwa mada kunaomba matayarisho zaidi kuliko kuandika silabi ubaoni na kuwaacha watoto wanakili. Mbele ya watoto themanini, mwalimu aliyechoka anarudia ubao, na ni vigumu kumlaumu. Baadhi wanapata njia ya katikati: makundi ya watoto kumi, kila kundi na mkubwa wake, kundi moja likihesabu mawe wakati lingine linasoma. Mkubwa huyo mara nyingi yuko tayari, kwani vita vimechanganya umri. Kwenye benchi moja la mwaka wa kwanza kunakaa mtoto wa miaka sita na msichana wa miaka kumi na moja aliyepoteza miaka mitatu njiani.

Kwa msichana huyo, "hii ni nini? hii ni meza" ni aibu. Anajua kupika, kulea mdogo, kuuza ndizi na kurudisha chenji bila kukosea. Mada ya soko ndiyo inayomwokoa. Siku hiyo mwalimu anapanga duka la majani na mawe, anakata karatasi ziwe noti za franka mia tano na elfu moja, na kuuliza nani atauza. Wadogo wananunua wakikosea hesabu. Yeye anawasahihisha, anaandika bei kwenye kipande cha katoni kwa sababu muuzaji anahitaji bei, na kwa kuandika bei anahitaji kuandika jina la kitu. Sombe. Mawese. Chumvi. Kufikia saa ya kutoka ameandika maneno sita, na la saba, "ndizi", anauliza kama linaanza na "n" ao na "d".